Siku Baba Alipokubali Kurudishwa Uganda

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1988. Mvua ilinyesha Kisumu asubuhi, jambo lisilo la kawaida kwetu, maana mvua yetu huja jioni. Na jua lilikuwa linawaka wakati huohuo.

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda namalizia sala, mlango ukagongwa.

Alikuwa Joram, fundi wa baiskeli, jirani wa wazazi wangu kule mtaani Kaloleni. Alikuwa amelowa chapachapa, lakini usoni alikuwa na fahari fulani ambayo sikuielewa.

Akaniambia baba yangu ameshikwa na watu wa uhamiaji.

Nikamuuliza kwa kosa gani.

"Kosa la kuwa Mganda," akasema. "Na amekubali."

Nilikaa chini.

Ndugu msomaji, baba yangu, Mzee Absalom Amolo, alikuwa Mjaluo wa Seme. Seme ni hapa tu, ukishapita Kisian umefika. Baba yake amezikwa Seme. Babu yake amezikwa Seme. Mimi mwenyewe nilizaliwa Seme, katika nyumba ya nyasi iliyokuwa ikivuja upande wa kitanda.

Sasa Uganda ilitoka wapi?

Kwa wale ambao si wa ziwani, ngoja nieleze. Sisi tuna kitu kinaitwa pakruok. Kwenye matanga au sherehe, mpiga nyatiti, zeze letu la nyuzi nane, anapiga, watu wanacheza. Halafu mtu anainua mkono, muziki unanyamaza, anamtupia mpigaji sarafu, kisha anajisifu.

Anajisifu vile anavyotaka. Anaweza kusema yeye ni kiboko, yeye ni treni, yeye ndiye anayeamsha jua. Hakuna anayemuuliza ushahidi. Watu wanapiga kelele, muziki unaendelea.

Baba yangu alijulikana Kaloleni nzima kwa jina moja la pakruok: Jakampala. Yaani mtu wa Kampala.

Jana yake, Jumapili, alikuwa matangani, akainua mkono. Joram alinisimulia kila neno, na alisimulia kama mtu anayesoma zaburi. Baba alisema: "Mimi Jakampala! Kitovu changu kimezikwa Kampala! Nyumba yangu Kampala ina ngazi ndani! Mbwa wa Kampala wananijua kwa jina!"

Watu wakashangilia.

Isipokuwa wanaume wawili wenye kaunda suti waliokuwa wamekaa nyuma, wakila wali wa matanga kama wengine. Mwaka ule mambo ya mpaka wa Busia, kati yetu na Uganda, yalikuwa moto, na wageni wasio na karatasi walikuwa wanatafutwa mji mzima. Wanaume hao hawakuwa watu wa ziwani. Wao walisikia mtu anakiri.

Nikamuuliza Joram kwa nini baba hakuonyesha kipande, yaani kitambulisho.

Joram akanikumbusha kwamba kipande cha mzee kiliwekwa ndani ya gunia la unga ili kisiibiwe. Panya walikula. Walibakisha alama ya dole gumba peke yake.

Sasa nieleze kilichonifanya nishindwe kusimama.

Baba yangu hakuwa amewahi kufika Kampala.

Nilipokuwa msichana mdogo aliondoka nyumbani Seme, akakaa miaka, akarudi na sanduku la bati na hadithi za Kampala. Baadaye tukahamia Kaloleni, na hadithi zikahamia nasi. Lakini nilipokuwa karibu kuolewa, mama yangu, Selpha, aliniita pembeni akaniambia ukweli. Baba alikuwa Muhoroni, hapahapa Kenya, kwenye mashamba ya miwa, muda wote huo. Alikuwa akikata miwa na kuipakia kwenye trela. Mama aliniapisha nisimwambie mtu yeyote.

Kwa hiyo, ukimtoa baba mwenyewe, siri hiyo ilikuwa ya watu wawili na Mungu. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

* * *

Nilifika katika ofisi ya uhamiaji pamoja na Joram, viatu vimejaa matope. Afisa msimamizi aliitwa Bwana Shitanda, mtu wa Kakamega, mpole, mwenye sauti kama ya katekista. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele. Badala yake alinipa kiti.

Nikamwambia baba yangu ni Mkenya.

"Mama, ningefurahi sana," akasema. "Lakini mzee mwenyewe anasema kitovu kiko Kampala. Nimemuuliza mara mbili. Mara ya pili akaongeza mbwa."

Akaniruhusu nimwone.

Walikuwa wamewafungia watu nyuma ya ofisi, kwenye banda lenye waya. Nilitarajia kumkuta baba amejikunyata. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ameinua kidevu, Waganda halisi wamemzunguka.

Mmoja wao, mwanamke muuza vitenge aliyeshikwa stendi, alisogea kwenye waya akaninong'oneza kwa heshima. Alitaka kujua baba yangu ni Mganda wa upande gani, kwa sababu Luganda anayoongea hajawahi kuisikia popote.

Nilimsikiliza baba kidogo. Ilikuwa Dholuo, Kijaluo chetu. Alikuwa tu anaivuta mwisho wa kila neno.

Nikamwita, akaja.

"Baba," nikamwambia polepole, "sema tu ulikuwa Muhoroni."

Akatazama mlangoni, ambako Joram alikuwa amesimama akitusubiri.

"Muhoroni ni wapi?" akasema kwa sauti.

Kisha akashusha sauti. Akaniambia nikumbuke mimi ni mtu wa kushona, kwa hiyo nitaelewa. Akikana kitovu, watu watauliza kuhusu nyumba. Akikana nyumba, watauliza kuhusu Kampala yenyewe. Ukivuta uzi mmoja, shati lote linafumuka, na yeye hakuwa na shati lingine.

"Lori la Busia linaondoka Alhamisi," akasema. "Nitapanda kama mtu anayerudi kwake."

"Utafanya nini huko, Baba?"

"Nitauliza njia," akasema.

Nilitoka nje nikalia. Joram alinipa kitambaa chenye grisi ya baiskeli, nikajipaka uso mzima bila kujua. Nilirudi kwa Bwana Shitanda nikiwa hivyo. Hakucheka. Aliniambia nilete watu wazima wanaomjua mzee tangu zamani. Wakisema ni wa hapa, atamwachilia bila neno. Naibu chifu wetu wa Seme angemaliza jambo hilo kwa dakika moja, lakini alikuwa kwenye semina, na angerudi baada ya lori kuondoka.

* * *

Wakati huo nilikuwa nasoma ngumbaru. Mchana nashona sokoni, jioni nakaa darasani kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na wazee, tunajifunza insha na hesabu za mafungu. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na ndoto yangu ilikuwa kufanya mtihani wa darasa la nane kabla Mungu hajaniita.

Jioni hiyo sikwenda darasani. Nilifunga kula, nikasali.

Tatizo langu mbele za Mungu lilikuwa hili. Nikinyamaza, baba anatupwa katika nchi asiyoijua, mzee wa miaka karibu sitini asiye na ndugu huko. Nikisema, navunja kiapo cha mama, na ninamvua baba nguo mbele ya mtaa mzima. Na kusema uongo siwezi. Nilijaribu mara moja nikiwa mdogo, nikaharisha.

Mwishoni nikaona njia. Sitasema mimi. Nitawaomba majirani waende waseme ukweli, huo mdogo tu, kwamba Absalom ni mtu wa hapa.

Nilizunguka Kaloleni nyumba kwa nyumba. Nilimwambia Joram. Nilimwambia Mama Kageha, Mmaragoli anayeuza ndizi, ambaye ukuta wake na wa mama yangu ni mmoja. Niliwaambia na wengine. Kila mmoja nilimsihi neno moja: aseme ukweli kuhusu baba.

Kila mmoja alinishika mkono na kutikisa kichwa kwa uzito sana.

Mama Kageha aliniambia nisiwe na wasiwasi. "Sisi hatutamwaibisha mzee," akasema.

Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu. Laiti ningelisikiliza sentensi hiyo vizuri.

* * *

Jumatano walikuja wamevaa nguo za Jumapili. Joram alikuwa na tai.

Bwana Shitanda aliwapanga kwenye benchi, akachukua kalamu, akaanza na Joram. Akamuuliza anamjuaje mzee huyu.

"Huyu ni Jakampala," Joram akasema. "Mtu wa Kampala kabisa. Nyumba yake ina ngazi."

Nilidhani anatania. Nikamkanyaga mguu.

Akausogeza, akaendelea. Alieleza ngazi zile zilikuwa za mbao, na kwamba ukisimama juu unaona mji wote. Alieleza hata kapeti.

Akaja Mama Kageha. Yeye alisema alimwona mzee siku ya kwanza anahamia Kaloleni, na sanduku lake lilikuwa na harufu ya Kampala. Afisa akamuuliza harufu ya Kampala ikoje. Akajibu ni kama ya hoteli.

Wa tatu alisema kitovu anakijua. Afisa akauliza amekijuaje. Akasema kinajulikana.

Nilikuwa nimefumba macho naomba. Nilipofumbua, shahidi wa mwisho alikuwa anaeleza tabia za wale mbwa.

Bwana Shitanda aliweka kalamu chini. Alikuwa ananionea huruma kweli.

"Mama," akasema, "nimefanya kazi hii miaka mingi. Sijawahi kuona Mganda aliyethibitishwa namna hii."

Nje niliwauliza wamefanya nini. Hawakunitazama machoni. Joram alikuwa anahangaika na tai yake. Mama Kageha alinipa ndizi, nikakataa kwa sababu nilikuwa nimefunga.

* * *

Nilikwenda kwa mama.

Mama yangu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, muuzaji wa omena, dagaa wa ziwani, aliyeamkia ufukwe wa Dunga kila siku ya maisha yake. Nilimkuta sakafuni anafunga mzigo. Blanketi, sufuria mbili, mwiko, na omena waliokaushwa vizuri kwenye gunia.

Nikamwambia chakula hicho ni kingi kwa baba peke yake.

"Nani amesema peke yake?"

Nikaelewa. Nikapiga magoti palepale. Nikamsihi aende kwa afisa aseme neno moja tu, Muhoroni, halafu tuende nyumbani sote.

Alikaza kamba kwa meno kabla ya kunijibu.

"Agneta, mimi ni mke wake. Siwezi kuwa mtu wa kumshusha mbele ya wageni. Akisema mwenyewe, sawa. Asiposema, tunaenda."

"Mama, hata wewe hujui Kampala."

"Ndiyo maana siwezi kumwacha," akasema. "Atapotea siku ya kwanza."

Basi nilikuwa natafuta kumwokoa mzazi mmoja, sasa nawapoteza wawili, na wote wawili wanakwenda kwa hiari yao katika mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Nilisali hadi maneno yakaisha. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Nilisikia tu mama anaongeza chumvi kwenye mzigo.

* * *

Alhamisi, lori lilikuwa tayari linanguruma uani.

Na Kaloleni yote ilikuwa imekuja kumsindikiza baba. Walikuja na mpiga nyatiti. Askari walijaribu kuwafukuza, lakini utamfukuza nani wakati hata mmoja wa askari anacheza?

Waganda walikuwa wanapanda mmoja mmoja. Mama hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Alimpita askari aliyekuwa mlangoni, akatupa mzigo wake ndani, akapanda, akakaa juu yake. Askari akamwambia ashuke. Mama akamuuliza kama yeye ana mke.

Baba alitolewa bandani. Alitembea taratibu, mikono nyuma, kama mheshimiwa anayekagua gwaride. Alipofika karibu na lori alikuwa anatabasamu, lakini mimi ni mtoto wake. Niliona kidevu kinatetemeka.

Mpiga nyatiti akanyamazisha nyuzi, akamsubiri ajisifu mara ya mwisho.

Hapo ndipo kitu kikanisukuma mgongoni. Mimi nasema ni Roho. Wewe sema unavyotaka.

Nikapanda juu ya kreti ya soda.

"Baba yangu hajawahi kufika Kampala," nikasema. "Hata siku moja. Alikuwa Muhoroni. Alikuwa anakata miwa."

Kukawa kimya. Lori lenyewe lilizimika, ingawa dereva alisema baadaye ni dizeli chafu.

Nilingoja aibu ishuke. Nilingoja mtu acheke, mwingine azomee. Nilikuwa nimeishika sketi yangu kwa mikono miwili.

Joram akakohoa.

"Sasa hiyo," akasema, "nani hajui?"

Nikamtazama.

Akaniambia amejua miaka mingi. Mama yangu alimweleza mwenyewe, siku alipoleta baiskeli kuzibwa pancha, akamwomba asimwambie mtu. Joram alidhani ni yeye peke yake anayejua.

"Na mimi pia," akasema Mama Kageha, mkono mdomoni. "Aliniambia tukiwa kwa mfereji tukichota maji. Nikaapa."

Mwingine alikuwa ameambiwa akinunua omena. Mwingine aliambiwa kanisani, katikati ya mahubiri. Hata mpiga nyatiti akainua mkono. Kila mtu akawa anamgeukia mwenzake, anamuuliza na wewe pia, na wewe pia. Mtaa mzima ulikuwa umebeba siri moja, kila mtu na kipande chake, kila mtu akijiona ndiye mlinzi pekee.

Halafu wote tukageuka kumtazama mama, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo ndani ya lori.

Hakuona haya. Alisema ni kweli, alipita kila nyumba mwaka ule tulipohamia. Aliona jinsi watu wanavyopenda kuuliza maswali. Akajua siku moja mtu aliyefika Kampala kweli atamuuliza mume wake jina la barabara, na mume wake atakosa la kusema mbele za watu. Kwa hiyo aliwaomba wote, mmoja mmoja, wamwachie mzee Kampala yake.

Na kweli, kwa miaka yote hiyo, hakuna mtu wa Kaloleni aliyewahi kumuuliza swali.

Bwana Shitanda alikuwa amesimama na kalamu yake hewani. Aliuliza kwa upole, lakini kwa maumivu, kama watu wote hawa walimdanganya jana.

"Hapana, bwana," Joram akasema. "Wewe uliuliza habari za Jakampala. Tukakupa zote. Za Absalom hukuuliza."

Afisa akatikisa kichwa. Akasema bado hawezi kumwachilia mtu kwa maneno ya mashahidi waliobadilika. Lazima mzee aseme kwa kinywa chake.

Baba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama mama.

"Selpha. Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliporudi. Nguo zako zilinuka molasi."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unafurahi ukisimulia," mama akasema. "Na mimi nilikuwa napenda kusikiliza."

Baba akainama. Akapandisha suruali yake, mguu mmoja kisha wa pili, akamwonyesha Bwana Shitanda miundi iliyojaa alama za majani ya miwa, mikato midogo midogo ya zamani, juu hadi chini. Alisema aliondoka nyumbani akiwa ameahidi kufika Kampala kutafuta kazi kubwa. Alikwenda upande mwingine kabisa, kwa sababu lori lililompa lifti lilikuwa linaenda Muhoroni, na aliona haya kumwambia dereva asimame.

"Nilizaliwa Seme," akasema. "Nilikuwa Muhoroni. Kampala sijui hata iko upande gani wa ziwa."

Hakuna aliyecheka. Bwana Shitanda alifunga kalamu yake, akamshika mkono, akamwambia, "Mzee, nenda nyumbani."

Lori liliwashwa tena, likaondoka na wale wengine. Yule muuza vitenge alinipungia mkono. Mama alikuwa ameshuka na kumwachia gunia la omena. Nilisimama langoni nikamwombea, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kitu asubuhi hiyo: mimi nilikuwa na mtaa mzima wa kusema kwa ajili ya mtu wangu. Yeye hakuwa na mtu.

Ndugu zangu mnaosoma, miaka mingi imepita, na mtihani wangu nilifanya, nikapita. Nikiulizwa nimejifunza nini, nasema hivi. Ukimpenda mtu, mlindie sifa yake, hata kama unajua ina matobo. Lakini siku sifa hiyo inapompandisha kwenye lori, mshushe, na umshushe kwa upole, mbele ya watu watakaompokea.

Kabla hatujatoka uani pale, mpiga nyatiti aligusa nyuzi tena. Baba akainua mkono. Bwana Shitanda akafunga macho.

Muziki ukanyamaza. Baba akamshika mama bega, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

"Mbele ya bwana afisa, mbele ya watu wa Kaloleni, na mbele ya Mungu wa Agneta. Selpha nitampeleka Kampala. Kwa basi, mchana, na karatasi zetu mkononi. Mpaka siku hiyo, mtu asiniite jina lile. Na tukirudi, mtatuita wote wawili."